Guillaume Duchenne, Mwana wa Nahodha Aliyepima Misuli kwa Umeme

Huenda jina la Duchenne ni geni masikioni mwako, na hata kulitamka ni kazi ya kuuma ulimi. Sema Dushen, imetosha. Katika kurasa hizi za chama chetu tumezoea kusoma habari za mashujaa kama Mekatilili wa Menza, Syokimau na Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa hapa kwetu Kitui. Wote hao wanastahili sifa zao. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi nimlete mtu wa mbali, Mfaransa, ambaye hakupata kuikanyaga Zombe wala Ukambani, ila ugonjwa unaoitwa kwa jina lake upo mpaka huku kwetu. Habari hiyo nitaifikia.

Ili usipotee njiani, kumbuka hivi: miaka ya 1840, wakati Kivoi alipokuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa, Duchenne alikuwa mjini Paris akitembea kutoka hospitali hadi hospitali na sanduku lake la umeme. Dunia ilikuwa moja, mambo mbalimbali.

Guillaume Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba 1806 katika mji wa Boulogne-sur-Mer, bandari iliyoko kaskazini mwa Ufaransa. Watu wa ukoo wake walikuwa watu wa bahari tangu jadi: wavuvi, mabaharia na wachuuzi wa pwani. Baba yake alikuwa nahodha shupavu aliyepigana baharini dhidi ya Waingereza wakati wa vita vya Napoleon, akatunukiwa nishani kwa ushujaa wake. Bila shaka mzee huyo alitaka kijana wake ashike usukani baada yake. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye alijaribu kumkunja. Lakini kijana alipenda sayansi, akakataa katakata kwenda baharini. Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1825 katika mji wa Douai, kisha akashika njia kwenda Paris kusomea udaktari.

Huko Paris alifundishwa na magwiji. Mmoja wao alikuwa Laennec, yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua ambacho kila daktari leo hukivaa shingoni kama mkufu. Duchenne alihitimu mwaka 1831 kwa andiko juu ya majeraha ya moto. Hakuna aliyemwona kuwa mtu wa ajabu. Alikuwa daktari tu kama madaktari wengine, akafunga virago akarudi kwao Boulogne kutibu watu.

Mwaka huohuo wa 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba ukisogeza sumaku karibu na waya uliozungushwa, umeme unazaliwa ndani ya waya. Sisi wa Kidato cha Tatu jambo hilo tutakutana nalo katika Fizikia, na wengi wetu tutaliona kuwa la kukariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe ndilo lililompa Duchenne chombo cha maisha yake. Lakini wakati huo hakujua.

Aliporudi nyumbani alioa, na mambo yalionekana kumnyookea. Haikuchukua muda. Mwaka 1833 mke wake alijifungua mtoto wa kiume, akapatwa na homa ya uzazi, akaaga dunia. Zamani homa hiyo iliua wanawake wengi, kwa kuwa watu hawakujua habari za viini vya maradhi. Duchenne alibaki na kichanga na huzuni. Kama kwamba hayo hayatoshi, mama mkwe wake alianza kueneza maneno mjini kwamba mkwewe ndiye aliyemhudumia mke wake akijifungua, na kwa hiyo yeye ndiye aliyesababisha kifo. Maneno ya mji mdogo unayajua. Wagonjwa walipungua mlangoni pake. Mtoto, ambaye aliitwa Émile, alichukuliwa akalelewa na upande wa mama, na baba yake akaishi karibu miaka thelathini bila kuwa naye. Hebu fikiria miaka thelathini! Hiyo ni karibu mara mbili ya umri wangu.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya sayansi huliruka. Huandika tu kwamba alirudi Paris mwaka 1842, kana kwamba alichoka na hewa ya bahari. Alioa tena kabla ya hapo, ndoa ikayumba. Kwa maoni yangu mtu huyu hakwenda Paris kutafuta sifa. Alikuwa anahama midomo ya watu.

Lakini kabla hajahama alikuwa amekwisha kuonja umeme. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1780, Mtaliano Luigi Galvani wa mji wa Bologna aliona mguu wa chura aliyekufa ukiruka ulipoguswa kwa vyuma viwili. Alichapisha habari hiyo mwaka 1791, na Ulaya nzima ikachachamaa. Mwenzake Volta alibishana naye, na katika ubishi huo akatengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Tangu hapo madaktari kadhaa walianza kuwatia wagonjwa umeme kwa maumivu ya kila aina. Njia moja ilikuwa kuchoma sindano mbili mwilini na kupitisha umeme kati yake. Duchenne aliijaribu njia hiyo kule Boulogne kwa mgonjwa mmoja wa maumivu ya neva. Akagundua kitu ambacho wengine walikiona wakakipuuza: kila umeme ulipopita, msuli ulijikunja.

Sindano zinauma, na zinaacha vidonda. Baada ya majaribio mengi Duchenne aliona kwamba hazihitajiki. Alichukua vishikio viwili vya chuma, akavifunika kwa kitu kilicholoweshwa maji, akavibandika juu ya ngozi, na akatumia umeme wa koili, ule wa Faraday, ambao hauunguzi ngozi kama ule wa betri. Ngozi ikiwa na majimaji, umeme haukai juu bali huzama ndani hadi kwenye msuli. Na ukivisogeza vishikio kidogo huku au kule, unaweza kuuamsha msuli mmoja tu na kuiacha jirani zake imelala. Kidole kimoja kinainuka, vingine vinatulia. Hakuna kisu wala tone la damu.

Basi Duchenne alijifunga kibwebwe. Alitengeneza mashine ndogo aliyoweza kuibeba ndani ya sanduku, akaanza kuzunguka hospitali za Paris. Ikumbukwe kwamba hakuwa na cheo chochote. Hakuwa profesa, hakuwa mganga mkuu wa wodi, hakulipwa na hospitali hata moja. Aliingia asubuhi kama mgeni, akaomba ruhusa ya kumwona mgonjwa huyu au yule. Madaktari vijana walimcheka. Walicheka lafudhi yake ya shambani, walicheka mavazi yake na lile sanduku lake. Wengine walimfukuza. Yeye hakujali. Mgonjwa aliyempendeza kisayansi akihamishwa hospitali, Duchenne alimfuata huko alikohamishiwa. Akirudishwa nyumbani, alimfuata nyumbani. Aliweza kumfuatilia mtu mmoja miaka mingi, akiandika kila badiliko la mguu na la kidole.

Hospitali iliyomfaa kuliko zote ni Salpêtrière. Usidhani ni hospitali kama hizi zetu. Ilikuwa kama mji ndani ya mji, yenye watu wapatao elfu tano, wengi wao wanawake maskini, wazee, waliopooza na waliochanganyikiwa akili, ambao hakuna aliyewahi kuwapima sawasawa. Kwa wengine lile lilikuwa jaa la binadamu. Kwa Duchenne ilikuwa maktaba.

Sasa tuone umeme ule ulimwambia nini. Hapa Zombe nyumba nyingi zina taa ya sola. Taa ikikataa kuwaka usiku, unajiuliza: je, ni betri, ni waya, au ni balbu? Ukitaka kujua, unachukua balbu na kuigusisha penye umeme uliohakika. Ikiwaka, ubaya uko nyuma yake. Isipowaka, balbu ndiyo mgonjwa. Mwili nao ni hivyo. Amri hutoka kwenye ubongo, ikashuka kwenye uti wa mgongo, ikapita kwenye neva, ndipo ikafika kwenye msuli. Mtu akipooza mkono, wote tunaona jambo moja tu: mkono umelala. Lakini ubaya unaweza kuwa popote katika safari hiyo. Kabla ya Duchenne madaktari walikuwa wakibahatisha, na kila aliyepooza aliitwa aliyepooza, kwisha.

Duchenne alibandika vishikio vyake. Kwa mtu aliyepooza kwa sababu mshipa umepasuka ubongoni, msuli uliruka vizuri kabisa, maana wenyewe ni mzima na neva yake ni nzima, ila haupati amri. Kwa mtu aliyekatika neva, msuli ulipunguza kuitika na baadaye ukanyamaza. Kwa mafundi rangi na wengine walioshughulika na risasi, ile madini nzito, viganja vilining'inia kama majani yaliyonyauka, na alipowatia umeme aliona misuli ya kuinua kiganja imenyamaza huku mingine ya mkono huohuo ikiitika. Sumu ya risasi ilikuwa na tabia yake, na umeme uliitambua.

Msiseme hayo ni ya Ulaya ya zamani. Hapa Kenya, katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia 2007 na kuwamwagia wakazi risasi hiyohiyo. Na mwaka 1985 huko Tarime, Tanzania, wakati wa ukame, watu walikakamaa miguu ghafla baada ya kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kuanikwa vya kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Wenye konzo misuli yao haifi, ubaya uko juu kwenye neva zinazoshusha amri. Sisi tunaoishi mahali penye ukame tungefaa kulijua neno hilo, kwani njaa ikibisha hodi muhogo huliwa haraka haraka.

Mwaka 1855 Duchenne alikusanya kazi yake yote katika kitabu kikubwa juu ya kutia umeme mahali pamoja. Kilichapishwa tena mara mbili wakati wa uhai wake, kila mara kikiwa kinene zaidi. Humo alieleza magonjwa mengi ambayo hayakuwa na majina. Alieleza kunyauka kwa misuli kunakoanzia mikononi. Alieleza ugonjwa wa watu wanaoyumba wakitembea gizani ingawa nguvu zao zipo. Alieleza pia watoto wanaozaliwa mkono mmoja umelegea kwa sababu neva za begani zilivutwa wakati wa kuzaliwa. Huku kwetu akina mama wengi huambiwa mtoto wa namna hiyo amerogwa tumboni. Hajarogwa, alivutwa.

Lakini ugonjwa uliolibeba jina lake ni mwingine, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kuna jirani yetu ambaye sitamtaja. Mtoto wake wa kiume alipokuwa na miaka minne hivi, watu wote walisifu mashavu ya miguu yake. Yalikuwa makubwa, magumu, kama ya mchezaji wa Gor Mahia. Wazee walimtabiria kandanda. Mama yake peke yake ndiye hakufurahi, kwani aliona kwamba mtoto huyu mwenye miguu minene hawezi kuruka hata mfereji mdogo. Alitembea kwa vidole huku akiyumba kama bata. Akianguka, aliinuka kwa namna ya ajabu: kwanza alipiga magoti na mikono, kisha akaweka mikono juu ya magoti, akapanda mwili wake mwenyewe kama mtu apandaye mnazi. Alipofika darasa la nne hakuweza tena kupanda ngazi za darasa.

Mbuzi waliuzwa. Waganga waliitwa, wa karibu na wa mbali. Katika zahanati moja mama aliambiwa kwamba mtoto ni mvivu. Kisha yakaanza maneno ya ukoo, kwamba kwa upande wa mama kuna mjomba aliyekufa kijana vivyo hivyo, kwa hiyo mwanamke yule ameleta laana katika boma. Alikaribia kurudishwa kwao. Walipofika Nairobi hatimaye na mtoto akapimwa damu na jeni, daktari aliandika kwenye karatasi neno moja ambalo hakuna mtu kijijini aliyeweza kulisoma. Karatasi hiyo niliombwa niisome mimi, kwa kuwa niko sekondari. Neno lilikuwa Duchenne.

Nilidhani ni jina la dawa.

Basi Duchenne mwenyewe alimwona mtoto wa kwanza wa aina hii kabla ya 1861, na katika chapa ya pili ya kitabu chake, mwaka 1861, akaandika kwamba ubaya uko kwenye ubongo. Hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Mwingereza Edward Meryon alikwisha kuueleza mwanzoni mwa miaka ya 1850, na alikwisha kutambua kwamba huwashika wavulana wa familia moja na kuwaacha dada zao. Lakini Duchenne hakuridhika na alichoandika. Alitaka kuuona msuli wenyewe, na wakati ule msuli ulionekana tu mgonjwa akifa na kupasuliwa. Kusubiri mtoto afe ili ujue anaumwa nini! Akabuni sindano nene yenye kisu kidogo ndani yake. Ukiichoma na kuichomoa inatoka na kipande kidogo cha nyama, kidogo kama punje ya mtama, na mtoto anarudi nyumbani kucheza. Wapo waliolalamika kwamba ni ukatili kumkata mtu aliye hai. Yeye alikitazama kipande kile kwa hadubini, akaona kwamba yale mashavu makubwa ya miguu hayakuwa nguvu. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepotea, na mahali pake pamejaa mafuta na nyuzinyuzi ngumu. Mwaka 1868 alichapisha habari za wagonjwa kumi na watatu, akabadilisha kauli: ubaya hauko kwenye ubongo, uko kwenye msuli. Wasomi wenye vyeo hawapendi kubadilisha kauli. Yeye alibadilisha.

Pengine msomaji unauliza kama vipimo vya umeme vya Duchenne bado vipo. Vipo, ila vimekua. Mwaka 1850 Mjerumani Helmholtz alipima mwendo wa habari ndani ya neva ya chura, akapata kama mita 27 kwa sekunde. Watu walishangaa, kwa sababu walidhani habari hufika papo hapo. Leo daktari hubandika vibati viwili kwenye mkono wa mgonjwa, humtia umeme kidogo sehemu moja, na mashine huandika muda uliopita hadi msuli ukaitika. Mkono wa mtu mzima mwenye afya hupitisha habari kwa mita 50 au zaidi kwa sekunde. Neva iliyoharibiwa na kisukari au ukoma huchelewa, au huleta habari iliyodhoofika.

Kisha kuna kipimo cha sindano, kiitwacho elektromiografia. Sindano nyembamba huchomwa kwenye msuli, na kinyume cha Duchenne, haipeleki umeme. Inasikiliza ule ambao msuli wenyewe unautoa. Sindano ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1929 na Adrian na mwenzake Bronk. Mashine ina kipaza sauti. Msuli mzima ukipumzika hunyamaza kimya. Msuli uliokatikiwa na neva hutoa milio midogo midogo ambayo madaktari huifananisha na mvua juu ya paa la bati. Sisi wa Zombe sauti hiyo tunaijua na kuitamani. Kuna ugonjwa mwingine wa misuli isiyotaka kulegea, na huo hulia kama pikipiki inayotiwa moto na kuachiliwa. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Kipimo huuma kidogo, hakifichiki, lakini hakimwachi mtu na ubaya wowote mkubwa.

Ninarudi kwa Duchenne, maana kuna sehemu ya maisha yake ambayo ni ya kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Alitaka kujua ni misuli ipi ya uso inayoleta furaha, hofu au hasira. Akampata mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu, ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi, hivyo umeme haukumuuma. Akambandika vishikio hapa na pale, uso wa mzee ukacheka, ukaogopa, ukalia, huku mwenyewe hasikii lolote. Kwa kuwa uso hubadilika upesi, Duchenne aliajiri mpiga picha, na wakati huo upigaji picha ulikuwa bado kitu kipya. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1862. Ukizitazama utadhani mzee anateswa. Mimi binafsi nashindwa kuamua. Hakuumia, lakini ni nani aliyemwuliza fundi viatu yule kama anapenda uso wake uonwe na dunia nzima akiwa amekunjamana hivyo? Jina la Duchenne tunalijua, la mzee hatulijui.

Katika picha hizo aligundua kwamba kicheko cha kweli kinahitaji misuli ya aina mbili. Ule unaovuta pembe za mdomo unatii mtu akitaka. Ule unaozunguka jicho hautii kwa urahisi, huja wenyewe moyo ukifurahi. Ndiyo maana ukimtazama mtu anayekuchekea kwa unafiki, mdomo unacheka na macho yamekauka. Jaribu leo kwenye kantini. Charles Darwin alizipenda picha hizo akazitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia.

Mwaka 1862 ulimletea pia bahati mbili. Salpêtrière ilipata daktari mkubwa kijana, Jean-Martin Charcot, ambaye badala ya kumcheka alimkaribisha, akampa nafasi ya kufanya kazi, na akamtambua hadharani kuwa mwalimu wake. Charcot akawa baba wa elimu ya magonjwa ya neva, lakini ngazi aliyopandia aliijua. Bahati ya pili ni kwamba kwenye miaka hiyo Émile, yule mtoto aliyechukuliwa akiwa kichanga, alikuja Paris. Alikuwa mtu mzima, naye alikuwa amechagua udaktari. Baba na mwana wakafanya kazi pamoja hospitalini. Sijui walizungumza nini siku ya kwanza, na nisingependa kubuni.

Furaha haikudumu. Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia, Paris ikazingirwa, watu wakala farasi na panya. Homa ya matumbo ilienea, na katika vita hivyo vya 1870 na 1871 Émile akafa. Duchenne hakuwa mtu yuleyule tena baada ya hapo. Aliendelea kuandika, chapa ya tatu ya kitabu chake ikatoka mwaka 1872, lakini mwenyewe alikuwa ameinama. Alifariki mjini Paris Septemba 1875 kwa kupasuka mshipa wa ubongo, yaani ugonjwa uleule ambao alikuwa amewapima mamia kwa sanduku lake. Vyama vya wasomi vya nchi za nje vilikuwa vimempa uanachama. Vyuo vikuu vya kwao havikumpa kiti cha uprofesa mpaka akaingia kaburini. Mnara wake ulisimamishwa pale Salpêtrière mwaka 1897, miaka ishirini na miwili baadaye.

Mwaka 1987, zaidi ya miaka mia moja tangu afe, wanasayansi wa Marekani walipata kitu kinachokosekana kwenye misuli ya watoto wale. Ni protini iitwayo distrofini, inayoshikilia ukuta wa uzi wa msuli usipasuke kila unapojikunja. Jeni inayoitengeneza iko kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana X moja tu, kutoka kwa mama yake, kwa hiyo ikiwa na kasoro hana ya akiba. Msichana anazo mbili. Mama anaweza kuibeba bila kuumwa wala kujua, wala hakuichagua, kama vile sisi hatukuchagua urefu wetu. Tena katika karibu theluthi moja ya watoto hawa kasoro huanza upya kwa mtoto mwenyewe, na mama akipimwa haonekani nayo kabisa. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu bado haijapatikana, ila zipo dawa za kuupunguza kasi na mazoezi ya kuvilinda viungo.

Haya ya jeni niliyaeleza kwa Kikamba nyumbani kwa jirani yule, siku moja jioni, nikichora X mchangani kwa kijiti. Wajomba walikuwapo, na baba wa mtoto pia. Walinyamaza muda mrefu. Kisha mmoja akaniuliza kama mdogo wake, ambaye ana miaka mitatu, anaweza kupimwa naye. Nikasema anaweza, kwa damu tu, bila sindano ya Duchenne. Mama yake alikuwa amekaa pembeni akichambua ndengu, hakusema kitu, ila aliacha kuchambua.

Yule mkubwa sasa anatumia kiti cha magurudumu, na magurudumu na mchanga wa Zombe haviivani. Ndugu zake humsukuma mpaka barabarani.